Je, Edison Alibuni Simu ya Video Mwaka 1878? Ufafanuzi Kuhusu Mchoro Mmoja wa Enzi ya Victoria

Upo mchoro mmoja wa zamani, mweusi na mweupe, ambao hauachi kurudi kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye kurasa za historia mitandaoni. Unaonyesha mzee na mkewe wakiwa chumbani mwao mbele ya meko ya kuotea moto. Juu ya meko hayo, mahali ambapo nyumba nyingi za Kiingereza za wakati ule zilikuwa na kioo kikubwa cha kujitazamia, kuna skrini pana inayoonyesha vijana wakicheza mchezo wa raketi kwenye uwanja wa nyasi. Mzee anazungumza kupitia bomba la sauti, na mwanamke kijana aliye mbele kabisa ndani ya skrini anamjibu.

Maneno yanayoambatana na picha hiyo hutofautiana kila inaposambazwa. Wapo wanaosema kwamba ni kifaa halisi kilichobuniwa na Mmarekani Thomas Edison kisha kikafichwa, wapo wanaosema kwamba mchoraji aliona siku zetu hizi kwa jicho la utabiri, na wapo wanaoichukua kama ushahidi wa namna familia za Uingereza zilivyoishi wakati huo. Madai yote matatu yamepotoka, ingawa kila moja limeanzia kwenye jambo la kweli. Ili kulitenga la kweli na lisilo la kweli, hatuna budi kuanza na swali ambalo halimshughulishi karibu yeyote anayeisambaza: kitu chenyewe tunachokitazama ni kitu gani?

Mchoraji wake ni George du Maurier, aliyezaliwa Paris mwaka 1834 na kufariki London mwaka 1896. Jina la mchoro, likiwekwa kwa Kiswahili, ni "Telefonoskopu ya Edison (Husafirisha Mwanga Pamoja na Sauti)". Ulitolewa Desemba 1878 katika almanaka ya mwaka 1879 ya jarida la Punch, na ndiyo maana wengine huuandikia mwaka 1878 na wengine 1879. Almanaka, kama kalenda yoyote, huchapishwa kabla mwaka wake haujaanza. Punch lilikuwa jarida la vichekesho lililotoka kila wiki jijini London tangu mwaka 1841. Jambo hilo peke yake lingetosha kumaliza nusu ya ubishi, lakini ndilo linalopotea kwanza, kwa kuwa mtu anayeisambaza picha huikata pembeni ili ienee vizuri kwenye simu, na maandishi yaliyo chini yake huondoka na ukingo.

Enzi ya Victoria ni kipindi cha utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, kuanzia Juni 1837 hadi alipofariki Januari 1901. Mchoro wa kalamu na wino, kwa upande wake, ni picha iliyojengwa kwa mistari ya wino juu ya karatasi. Wino mzito usiotiwa maji hauna kijivu: ama pana weusi, ama pana karatasi tupu. Mchoraji anayetaka kuonyesha kivuli cha pazia au mkunjo wa gauni hana njia nyingine ila kuipanga mistari kwa namna ambayo jicho litaiunganisha lenyewe. Mistari michache iliyoachana hutoa kivuli hafifu, mistari iliyosongamana hutoa kivuli kizito, na mistari inayokatwa na mingine kwa mshazari hutoa giza la kona ya chumba au la koti jeusi. Kalamu za enzi hiyo zilikuwa za ncha ya chuma, na viwanda vya Birmingham vilizitoa kwa wingi sana. Ncha ile ilikuwa imepasuliwa katikati, kwa hiyo mkono ukikandamiza mstari unanenepa, na mkono ukilegea mstari unakonda hadi kutoweka. Ukimtazama mchoraji hodari akifanya kazi, utaona kwamba unene wa mstari hubadilika hata ndani ya mkato mmoja wa kalamu, na katika badiliko hilo ndimo hukaa uhai wa shavu, wa kidole na wa kitambaa.

Hata wino wenyewe haukuwa wa aina moja. Mmoja ulitengenezwa kwa masizi yaliyochanganywa na gundi, na huo hubaki mweusi miaka mia na zaidi. Mwingine ulitokana na vivimbe vinavyoota kwenye miti ya mwaloni, vikachanganywa na chumvi ya chuma. Huo huwa mweusi ukiguswa na hewa, kisha kadiri miaka inavyopita hugeuka kahawia, na wakati mwingine huila karatasi. Rangi ya kahawia tunayoiona kwenye michoro mingi ya zamani, na ambayo leo programu za simu huiiga ili picha ionekane ya kale, mara nyingi haikukusudiwa na mchoraji.

Sasa tufike penye ugumu wa jambo. Picha tunayoiona mitandaoni haikutokana moja kwa moja na wino wa du Maurier. Ni chapa iliyotolewa kwenye kibao cha mti, na kati ya kalamu yake na karatasi ya jarida alisimama mtu wa pili, mchonga vibao, ambaye jina lake halitajwi kabisa picha hii inaposambazwa.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Jarida lilihitaji picha iweze kuchapishwa pamoja na maandishi, katika mashine moja na kwa wino mmoja. Herufi za uchapaji wa wakati huo zilikuwa vipande vya madini ya risasi vilivyoinuka, na kwa hiyo picha nayo ilipaswa kuinuka kwa kimo kilekile. Fikiria muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa: kinachoacha alama kwenye barua ni sehemu iliyoinuka, na kilichochongwa na kutolewa hubaki cheupe. Kibao cha picha kilifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, isipokuwa mistari yake ilikuwa myembamba kama unywele. Kilitengenezwa kwa mti wa jamii ya Buxus, wenye ubao mgumu na mzito usio na nyuzi za kusumbua patasi, nao haukupasuliwa kwa urefu kama mbao za mlango bali ulikatwa kwa upana wa shina, upande unaoonyesha pete za umri wa mti. Ufundi wa kuchonga upande huo kwa patasi nyembamba zenye ncha kali ulistawishwa na Mwingereza Thomas Bewick wa Newcastle mwishoni mwa karne ya 18, na katikati ya karne ya 19 ndio uliobeba karibu picha zote za magazeti na majarida ya Uingereza.

Mchongaji alifuata kila mstari wa mchoraji, lakini hakuuchonga mstari wenyewe. Alichonga weupe ulioko kandokando yake. Tafakari maana ya kazi hiyo mahali penye mistari inayokatana. Kalamu ya mchoraji hupita mara moja kwenda huku na mara moja kwenda kule, na kivuli kimekwisha. Mchongaji hawezi kupita. Analazimika kutoa, kimoja baada ya kingine, vidirisha vidogo vyeupe vyenye umbo la almasi vilivyobaki kati ya mistari, na patasi yake ikiteleza kidogo tu mstari unakatika na haurudi tena. Ukiitazama chapa ya namna hii kwa kioo cha kukuzia, utaona kwamba vidirisha hivyo havilingani: kimoja kina pembe kali, kingine kimekuwa mviringo, kingine kimeunganishwa na jirani yake. Kalamu haiachi alama za namna hiyo. Ni alama za mkono wa mtu wa pili aliyeinama juu ya meza yake, na binafsi naziona kuwa sehemu yenye kustahili heshima zaidi katika ukurasa mzima.

Vibao vya Punch vilichongwa kwa miongo mingi katika karakana ya Joseph Swain. Jina lake huonekana kwenye kona ya michoro mingi ya jarida hilo likifuatwa na herufi mbili za ufupisho wa Kilatini wenye maana ya "amechonga", na wapo watu ambao kwa kuona jina hilo hudhani kwamba Swain ndiye aliyechora. Kwa kuwa shina la mti ule ni jembamba, picha kubwa haikuweza kuenea kwenye kibao kimoja, na hivyo vibao kadhaa viliunganishwa kwa skrubu kwa nyuma. Mara nyingine maungio hayo yalilegea wakati wa kuchapa yakaacha mstari mwembamba mweupe unaopita katikati ya uso wa mtu au ukuta wa chumba, nao ukiuona unakuhakikishia kwamba unatazama chapa na si mchoro wa mkono.

Hapo mwanzo wachoraji walichora moja kwa moja juu ya kibao kilichopakwa rangi nyeupe, na mchongaji alipofanya kazi yake mchoro wa asili uliharibika chini ya patasi. Maana yake ni kwamba kwa picha nyingi za magazeti za kabla ya miaka ya 1860 mchoro wa asili haupo popote duniani, na anayedai kuwa nao anahitaji kuulizwa maswali. Kuanzia miaka ya 1860 iliwezekana kuuhamishia mchoro wa karatasi juu ya kibao kwa njia ya kupiga picha, na hapo ndipo michoro ya asili ilipoanza kubaki. Badiliko hilo lilimfaa sana du Maurier. Alipokuwa kijana akisomea uchoraji Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1857, jicho lake la kushoto lilipoteza nguvu ya kuona, na maisha yake yote aliishi na hofu ya kulipoteza na la pili. Katika miaka yake ya baadaye alichora kwa ukubwa kwenye karatasi, na kamera ikaupunguza mchoro hadi kimo cha ukurasa.

Tukishajua kwamba picha hii ni katuni ya jarida la vichekesho iliyopita mikononi mwa watu wawili, tunaweza sasa kuisoma. Maandishi ya chini yake yanaeleza kwamba kila jioni kabla ya kulala, baba na mama wa nyumba huweka kamera obskura ya umeme juu ya rafu ya meko ya chumbani mwao, wakaburudisha macho yao kwa kuwaona watoto wao walio upande wa pili wa dunia, na kuzungumza nao kwa furaha kupitia waya. Kamera obskura ni chumba au kisanduku chenye giza ambacho mwanga huingia kupitia tundu moja dogo na kuchora juu ya ukuta wa ndani sura ya vitu vilivyoko nje. Ni kifaa cha kale sana, na wasomaji wa 1878 walikifahamu. Kisha yanafuata mazungumzo. Baba, aliyeko mtaa wa Wilton Place, London, anasema: "Beatrice, sogea karibu, nataka kukunong'oneza." Beatrice, aliyeko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, anaitika: "Abee, Baba." Baba anauliza: "Ni nani yule binti mrembo anayecheza upande wa Charlie?" Naye Beatrice anajibu: "Ndiyo kwanza amefika kutoka Uingereza, Baba. Nitakutambulisha kwake mara mchezo utakapokwisha!"

Kichekesho kimo katika mnong'ono. Mzee anatumia mtambo wa ajabu kuliko mitambo yote ya karne yake, unaovuka zaidi ya kilomita 8,000 za nchi kavu na bahari, na anachotaka kuuliza kwa sauti ya chini, huku mkewe ameketi pembeni yake, ni habari za msichana mzuri. Nao mchezo waliouchagua vijana ulikuwa ndio fasheni ya siku zile: hataza (hati ya kumlinda mvumbuzi asiigwe) ya tenisi ya nyasi ilitolewa Uingereza mwaka 1874, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877. Msomaji wa Desemba 1878 hakuona mambo ya karne ijayo katika picha hii. Aliwaona jirani zake, katika mavazi ya mwaka ule, wakicheza mchezo wa mwaka ule, na kitu kimoja tu kilichozidishwa chumvi.

Kwa nini basi jina la Edison? Jibu limo katika magazeti ya mwaka huohuo. Fonografu yake, mashine ya kwanza iliyoweza kuhifadhi sauti ya mtu na kuirudia, ilitangazwa mwishoni mwa 1877, na mwaka 1878 ilizunguka miji mikubwa ikiwastaajabisha wataalamu na watu wa kawaida. Katika miezi ya mwisho ya 1878 alitangaza kwamba amekaribia kuleta taa ya umeme ya majumbani, na hisa za kampuni za gesi ya kuwashia taa London zikaporomoka kwa tangazo tu, karibu mwaka mzima kabla taa yenyewe haijafaulu. Umma ulikuwa umefikia hali ya kuamini kwamba lolote litakalotajwa pamoja na jina hilo litatimia kesho yake. Du Maurier aliichekea imani hiyo, na lengo la mzaha wake lilikuwa watu walioamini, zaidi ya Edison mwenyewe.

Kwa wale wanaoshikilia kwamba huu ni utabiri, ushahidi ulio wazi kabisa umo katika almanaka hiyohiyo. Kwa mkono uleule, du Maurier alichora pia nguo za ndani za Edison zinazoondoa nguvu ya mvutano wa dunia, na watu waliozivaa wakielea hewani kama jambo la kawaida. Michoro hiyo ya watu wanaoelea haisambazwi ikiwa na maneno "alitabiri", kwa sababu hadi leo hakuna nguo za namna hiyo. Tumechagua mzaha mmoja ambao baadaye ulifanana na maisha yetu, tukaacha mingine iliyokuwa kando yake, kisha tukamwita mchoraji nabii. Kwa kipimo hicho kila mchora katuni aliyechora vitu vingi vya kutosha atakuwa nabii.

Pamoja na hayo, lingekuwa kosa kusema kwamba wazo lile lilitoka hewani. Mwaka 1873 mhandisi Willoughby Smith, akiwa katika kazi ya kupima nyaya za telegrafu za chini ya bahari, alitangaza kwamba elementi iitwayo seleniamu hupitisha umeme vizuri zaidi ikiangaziwa mwanga. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu Machi 1876. Mtu mwenye akili ya kuunganisha mambo aliweza kuona njia: ikiwa umeme unaweza kubeba sauti, na ikiwa kuna kitu kinachogeuza mwanga kuwa badiliko la umeme, kwa nini waya usibebe na sura? Swali hilo lilikuwa linajadiliwa tayari katika magazeti ya Marekani na Ulaya kabla du Maurier hajaishika kalamu. Yeye hakuongeza chochote kwenye sayansi yake. Hakueleza sura itagawanywaje ili ipite kwenye waya mmoja, na hilo ndilo lililokuwa fumbo lenyewe. Mjerumani Paul Nipkow alipata njia ya kulijibu kwa diski yenye matundu mwaka 1884, na John Logie Baird alionyesha televisheni inayofanya kazi mbele ya wataalamu London Januari 1926. Du Maurier aliongeza kitu cha aina nyingine. Alikitoa kifaa katika maabara na kukiweka chumbani, juu ya meko, mbele ya watu wawili wazima wanaojiandaa kulala.

Waya unaotajwa katika maandishi ya mchoro nao haukuwa ndoto. Mwaka 1870 Uingereza iliunganishwa na Bombay (leo Mumbai), India, kwa nyaya za chini ya bahari zilizopitia Gibraltar, Malta, Suez na Aden. Mwaka 1879, ambao ndio mwaka wa almanaka yetu, waya ulitandikwa kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea Msumbiji hadi Durban, na kwa mara ya kwanza habari ya Unguja iliweza kufika London bila kungoja meli. Lakini waya ule ulibeba mapigo ya umeme ya telegrafu tu, na kila neno lililipiwa ghali, kiasi kwamba watumiaji wake wakubwa walikuwa serikali na wafanyabiashara. Mzazi wa kawaida mwenye mtoto Ceylon alitegemea barua iliyosafiri kwa meli ya mvuke kupitia mfereji wa Suez kwa wiki kadhaa, na jibu lake lilichukua wiki nyingine kadhaa. Maneno "kila jioni" katika mchoro huu yana uzito ambao sisi tumezoea kuupita bila kuuhisi.

Limebaki dai la tatu, kwamba mchoro huu unatuonyesha maisha ya nyumbani ya enzi ya Victoria. Unayaonyesha, lakini ni maisha ya nyumba gani? Wilton Place ni mtaa wa matajiri, karibu na Hyde Park. Katika mgawanyo wa kazi wa Punch, John Tenniel ndiye aliyechora katuni kubwa za siasa, Charles Keene akashughulika zaidi na watu wa mitaani na wa kipato cha kawaida, na du Maurier akapewa sebule za wenye nafasi. Wake zao, binti zao, vyombo vyao vya chai na majivuno yao vilikuwa mali yake. Mwaka 1880 alichora bwana na bibi harusi wakishangilia birika moja la chai la kauri na kuapa kuishi maisha yanayostahiki uzuri wa birika hilo, na wasomaji wakawatambua mara moja watu waliokuwa na wazimu wa kukusanya vyombo vya bluu na nyeupe. Aliwatumia mkewe Emma na watoto wao watano kama vielelezo vya kuchora, katika nyumba yao ya Hampstead, na wanawake wake ni warefu na wenye madaha kiasi ambacho mtaa wowote halisi usingekuwa nao wote kwa pamoja.

Kwa hiyo chumba kile ni cha kweli kwa namna ambayo tamthilia ni ya kweli. Vitu vimewekwa kwa sababu. Meko yapo kwa kuwa katika nyumba ya Kiingereza ndipo familia ilipokusanyika. Kuiweka skrini juu yake ni kuwaweka watoto walioko ng'ambo mahali pao pa zamani. Lakini moto wa makaa ya mawe ulihitaji mtu wa kuyabeba makaa ngazi hadi ngazi, kusafisha majivu alfajiri na kuuwasha tena, na mtu huyo hatajwi. Wakati huo wanawake zaidi ya milioni moja walikuwa watumishi wa majumbani katika Uingereza na Wales, na kazi hiyo ndiyo iliyoajiri wanawake wengi kuliko nyingine yoyote. Anayetaka kujua jioni ya mmoja wao ilikuwaje hawezi kuipata hapa, na inambidi atafute kwingine: katika sensa, katika vitabu vya matumizi ya nyumba, katika barua.

Upande wa pili wa skrini nao umechaguliwa. Ceylon ya 1878 ilikuwa koloni lililoishi kwa mashamba ya kahawa, yaliyolimwa kwa sehemu kubwa na vibarua Watamil kutoka kusini mwa India, na ugonjwa wa kutu ya majani uliozuka mwaka 1869 ulikuwa unayamaliza mashamba hayo hata wenye nayo wakaanza kugeukia chai. Vijana wa familia kama hii walikwenda huko kuwa mameneja wa mashamba na maofisa wa serikali. Skrini ya du Maurier haionyeshi shamba. Inaonyesha uwanja wa michezo, kwa sababu ndio upande wa Ceylon ambao baba na mama wa Wilton Place wangependa kuutazama kabla ya kulala. Naona hapa ndipo mchoro unaposema mengi zaidi kuhusu enzi yake kuliko pale unaposifiwa kwa kufanana na enzi yetu: himaya iliwatawanya watoto wa tabaka hili duniani kote, na mchora katuni akawatengenezea wazazi wao dirisha lenye mandhari wanayoyapenda.

Kwa anayetaka kuusambaza, maelezo sahihi hayazidi sentensi moja: katuni ya George du Maurier, almanaka ya Punch ya mwaka 1879, iliyotolewa Desemba 1878, chapa ya kibao cha mti. Na kwa anayetaka kununua kitu cha namna hii, tahadhari ni muhimu, kwa sababu kurasa zilizokatwa kutoka kwenye majalada ya zamani ya majarida huwekwa kwenye fremu na kuuzwa kama "mchoro wa asili wa kalamu na wino". Geuza karatasi kwanza: maandishi ya uchapaji yakionekana nyuma yake, huo ni ukurasa wa jarida. Kisha chukua kioo cha kukuzia. Wino wa kalamu huwa mzito mahali mistari inapokatana na hafifu mwishoni mwa mstari, na mara nyingi utakuta rangi nyeupe imepakwa juu ya makosa. Wino wa chapa ya kibao huwa na weusi sawasawa, na vidirisha vyake havilingani. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni nakala ya baadaye zaidi, iliyopigwa picha kutoka kwenye chapa. Ukurasa halali wa 1878 bado ni kitu kizuri kuwa nacho, mradi ulipiwe bei ya ukurasa.